Chuma chenye mafiga matatu: nilivyofunga stelingi ya hydraulic kwenye katamarani ndani ya godauni la Kerenge

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, nalala. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kifuani na chote kwa ukamilifu nimeshakisimulia kwa watu watatu tu. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyonikuta. Atakayesema ni chai, sukari aweke mwenyewe, mimi nilishaungua ulimi.

Ni fundi wa matrekta Korogwe mjini. Kwetu ni Kwedizinga, Handeni, mama yangu bado yuko huko analima. Hydraulic, mitambo inayosukumwa na mafuta, naijua: silinda, pampu, hosi, mafuta kuvuja, mafuta kukurukia usoni. Bahari naijua kwa kula samaki.

Sasa shikeni hili, maana uzi mzima unaning'inia hapa. Gereji yetu ina utaratibu wa zamani: kila fundi akimaliza kuchomelea kitu anakipiga alama yake kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha, ili kazi ikirudi mbovu ijulikane ni ya nani. Mwingine anapiga nukta moja, mwingine mstari. Mimi napiga nukta tatu, mbili chini moja juu, kama mafiga. Ndiyo maana gereji wananiita Mafiga.

Siku moja asubuhi akaja mzee mmoja, nimwite mzee Nizar. Ni Mhindi Mwislamu, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, kazaliwa hapa hapa na Kisambaa anakijua kuliko Wasambaa wengi wa siku hizi. Alifika tukasalimiana, hakusema shida yake. Kulikuwa na jembe la trekta nimetoka kulichomelea, limeegeshwa ukutani. Akaliinamia, akapitisha kidole gumba kwenye kona yake polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

Akainuka. "Nani kafanya hii?"

"Mimi mzee."

"Nakutaka wewe."

Kuisikia kazi yenyewe, ilibaki kidogo nicheke. Ana katamarani, ile boti ya miili miwili iliyounganishwa katikati, yenye vyumba na jiko, watu wanalala humo baharini. Stelingi yake ni ya nyaya na puli, nzito, na mkono wake una ugonjwa wa viungo. Anataka niibadilishe iwe ya hydraulic. Vifaa kaagiza Dar: pampu ya stelingi, silinda mbili, hosi na mafuta yake.

Nikamwambia ukweli, mzee, Tanga kuna mafundi wa boti, nenda kwao. Akasema hao anawajua. Nikaona labda anataka mtu wa bei nafuu, nikakubali. Njaa haina maswali mengi.

Boti ilikuwa Kerenge.

Ndiyo, Kerenge, katikati ya mashamba, bahari huisikii hata kwa harufu. Aliipandisha kutoka Tanga kwa lowbed, lile trela la chini la kubebea mitambo, kwa kibali, na gari la kuongoza mbele, akaiingiza kwenye godauni la mahindi la marehemu baba yake. Mlango ulibidi ubomolewe upande mmoja. Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama. Godauni tupu, bati juu limetoboka, miale ya jua inashuka, na katikati limekaa lile dude jeupe juu ya magogo, pua zake mbili zimekuelekea wewe uliyefungua mlango.

Mlinzi alikuwa Mmasai mmoja, Saitoti, kijana mkakamavu, simba hamtishi. Yeye alikaa nje, mvua au jua. Nikamuuliza kwa nini hakai ndani. Akasema, "Huko kuna mtu anatembea. Mimi nalinda mlango, wa ndani anajilinda."

Nikamcheka. Wakuu, nilimcheka sana.

Mzee Nizar akanieleza habari ya boti bila kuipamba. Ilikuwa ya mdogo wake, Altaf. Miaka mitatu nyuma Altaf alitoka nayo Tanga peke yake, asubuhi, bahari shwari. Kesho yake wavuvi waliiona ikizunguka mahali pamoja, injini inanguruma, inazunguka tu. Walipoipanda hawakukuta mtu. Altaf hajaonekana mpaka leo.

Mjini watu wakasema alijirusha. Mnajua midomo ya watu. Wakasema biashara ilikuwa inamlemea, wakasema hili na lile. Mama yao mzazi alifariki na maneno hayo masikioni. Mke wa Altaf, dada Shamim, hakukaa eda mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amefiwa. Wala hitima haikusomwa.

"Nataka nimpeleke pale ilipokutwa," mzee akaniambia. "Asome Yasini, amuage, arudi akae eda yake kama wanawake wengine. Nataka nimpeleke kwa boti hii hii. Sasa nitengenezee niweze kuigeuza."

Basi. Nikaanza kazi.

Kwenye boti kama hii kuna vibao viwili vinavyoning'inia chini nyuma, kimoja kila mwili, ndivyo vinavyogeuza chombo. Wenyewe wanaviita sukani. Nyaya za stelingi zilikwenda kwenye sukani ya kulia tu. Ya kushoto ilikuwa inafuata kwa kuvutwa na chuma kirefu kilichopita kwa nyuma kuziunganisha hizo mbili. Chuma hicho kikikatika, ya kushoto inabaki inajichezea inavyotaka.

Siku ya pili nikajipenyeza huko nyuma kufungua mfuniko nikione.

Kilikuwa kimekatika katikati. Pale kilipokatikia palikuwa na kutu nyekundu, ilhali chuma chenyewe ni stainless, kile kisichoshika kutu, kinang'aa. Ukiona hivyo fundi unajua mara moja: mtu kachomelea stainless kwa vijiti vya kuchomelea vya chuma cha kawaida. Juani kingekaa miaka. Kwenye chumvi kinaliwa kama biskuti kwenye chai.

Nikatukana. Nikasema fundi gani mjinga kafanya hivi.

Halafu nikafuta vumbi kwa kidole gumba, nikazipapasa nukta tatu. Mbili chini, moja juu.

Wakuu, nilikaa mle ndani nimejikunja sijui muda gani. Nilimkumbuka mteja. Mhindi mwembamba, mcheshi, kaja na chuma kirefu kakifunga juu ya gari, ana haraka, anaelekea Tanga. Nilimuuliza ni cha nini akasema cha chombo cha majini. Vijiti vya stainless vilikuwa vimekwisha. Ningemwambia asubiri kesho. Badala yake nikachomelea kwa vilivyokuwepo, nikapiga msasa, nikapuliza rangi ya silva juu yake kisionekane tofauti, nikapiga alama yangu kwa madaha. Akanishukuru. Akanipa na soda.

Sasa hapa ndipo mtanichukia, na mna haki.

Nilikifungua kile chuma vipande vyote viwili, nikavifunga kwenye kiroba. Mzee alipouliza nikamwambia, "Mzee, hydraulic haihitaji chuma cha kuunganisha. Kila sukani inapata silinda yake, mafuta ndiyo yanaunganisha. Hicho cha zamani nimeuza skrepa." Nilisema kwa sauti ya mtaalamu kabisa. Mzee akaniangalia, akasema, "Sawa fundi. Wewe ndiye unayejua."

Ijumaa nikaenda Kwedizinga na kile kiroba, nikakisukuma darini kwa mama.

Nikarudi nikafunga pampu na silinda mbili, nikavuta hosi, nikajaza mafuta, nikatoa hewa. Stelingi ikawa laini, unaigeuza kwa kidole. Sukani zote mbili zikafuata vizuri. Nikazinyoosha, nikafunga godauni, nikaenda zangu.

Asubuhi nikakuta zimegeuka.

Si kwa upande mmoja. Ya kushoto imegeukia ndani na ya kulia imegeukia ndani. Zimetazamana. Kama miguu ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya mwalimu.

Nikafikiri Saitoti kachezea. Saitoti akaapa kwa mama yake hajaingia, na ufunguo nilikuwa nao mimi na mwingine mzee Nizar. Nikazinyoosha. Kesho yake tena zimetazamana. Keshokutwa tena.

Na kulikuwa na jambo la pili. Kwenye duara la stelingi, lile lile la zamani nililolirudisha kwenye pampu mpya, Altaf alikuwa amefunga fundo la kamba nyeupe, la kumwonyesha stelingi ikiwa imenyooka. Niliacha fundo liko juu kila jioni. Kila asubuhi nililikuta chini kushoto. Mahali pale pale.

Siku ya nne saa sita mchana, kimya, hata njiwa wa kwenye bati wamenyamaza, nilikwenda nyuma nikasimama katikati ya zile sukani. Nikaisukuma ya kushoto kwa kidole kimoja, kidogo tu.

Ya kulia ikaja kuelekea kwangu yenyewe. Taratibu. Bila mtu kuigusa.

Niliruka nikajigonga kwenye gogo. Nywele zilinisimama, na mimi nina kipara.

Baadaye, nimekaa nje na Saitoti nakunywa maji, akili ya ufundi ikarudi. Hosi zimeunganisha silinda zote mbili. Ukisukuma moja, mafuta yanatoka kwake yanakwenda kuisukuma ya pili upande wa pili. Bila chuma cha kuzifunga pamoja, mafuta hayawezi kuzizuia zisipingane. Sakafu ya godauni ilikuwa na mteremko, boti imeinama kidogo, basi sukani moja ikawa inashuka kwa uzito wake usiku kucha na kumsukuma mwenzake. Kwenye trekta tairi zimefungwa kwa chuma, ndiyo maana sikuwahi kuliona hili.

Maana yake, boti niliyowatengenezea ingefika baharini ikawa haina adabu. Nilichoondoa ili kuficha kosa la kwanza ndicho ambacho, kikiwa kizima, kingewaokoa watu.

Lakini fundo je? Ndani ya ile pampu kuna valvu inayofunga mafuta yasirudi kwenye stelingi. Sukani zikijigeuza, stelingi haizunguki. Lazima mkono uishike.

Alasiri ile ile dada Shamim akaja. Mara yake ya kwanza kuiona boti tangu mumewe apotee. Alikuwa na begi la mzee, akatoa majaketi ya kuelea akayatundika kwenye msumari: moja, mawili, matatu. Nikayaona ni matatu na wasafiri ni wawili. Nikasema labda moja ni la akiba.

Akazunguka boti, akaishika ubavuni. Halafu akaniuliza, hata hakuniangalia.

"Fundi, wewe unavijua hivi vitu. Mume wangu alikosea nini?"

Nikasema, "Sijui, dada."

"Wanasema alijirusha."

"Sijui, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika spana ambayo haikuwa na kazi yoyote pale. Nilijiona mchafu, wakuu. Sijawahi kujiona mchafu vile na nimelala chini ya matrekta miaka kumi na tano.

Jioni hiyo nikapanda gari mpaka nyumbani. Wazo langu lilikuwa rahisi: nitachukua vipimo vya kile chuma, nitatengeneza kipya kimya kimya, nitamwambia mzee nimebadilisha mawazo ya kitaalamu. Watu watasafiri salama na mimi heshima yangu itabaki.

Nikamkuta mama amekishusha kiroba. Vipande viwili viko kwenye mkeka, yeye ameketi mbele yake anachambua choroko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki kimekuwa kinalia huko juu."

"Kinalia vipi, mama? Ni chuma."

"Nimekwambia kinalia. Cha nani?"

Nikamwambia yote. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na akikasirika anahamia Kizigua. Safari hii alibaki kwenye Kiswahili ili nisikose hata neno.

"Utawapa walio hai chuma kipya. Sawa. Na yule wanayesema kajiua, utampa nini?"

Akaendelea na choroko zake. Sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi mzee Nizar alikuwa godauni, amekaa juu ya kreti. Lowbed ilikuwa inakuja Jumatatu kuirudisha boti Tanga. Nikampa shikamoo, nikaweka kiroba mbele yake, nikatoa vipande vyote viwili.

"Mzee, hiki sikukiuza."

Nikamweleza. Vijiti vya kawaida, rangi ya silva, haraka ya Altaf, soda. Nikamwonyesha mafiga. Nikamwambia na habari ya silinda kupingana, kwamba boti ilivyo haifai kwenda popote. Mwisho nililia, sioni aibu kusema.

Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole gumba juu ya zile nukta tatu. Vile vile kama alivyofanya kwenye jembe.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta kwenye lile jembe.

"Niliziona siku boti iliporudishwa," akasema. "Nimezunguka gereji za Tanga, Muheza, Handeni, natazama vyuma vya watu. Wewe, wa hapa hapa mjini kwangu, nimekupata mwaka huu, mwisho kabisa."

"Kwa nini hukunishitaki mzee?"

"Nishitaki kwa ushahidi gani? Chuma kilichovunjika hakisemi kimevunjika lini. Wangesema kimevunjikia kwenye mwamba baadaye. Nilihitaji mtu aliyekitengeneza aseme kwa mdomo wake kwamba kilikuwa kibovu tangu kinatoka gereji. Ukilazimishwa, ungekataa. Nikasema ngoja nimpe kazi, akikione mwenyewe."

Nikauliza, "Na kama nisingesema?"

Akageuza macho kwenye msumari.

"Jaketi la tatu ni lako. Nilishakupangia nafasi. Ungekaa kwenye stelingi."

Wakuu, alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula.

Nikamuuliza la mwisho. Kama yeye ndiye aliyekuwa anageuza stelingi kila siku ili kunitisha, nimemsamehe, aniambie tu. Akanionyesha goti lake lililovimba na ngazi ya kupandia. "Mimi huko juu sijapanda tangu imeletwa. Stelingi gani?"

Jumapili alimleta dada Shamim, nikarudia maneno yale yale mbele yake. Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alisema tu, "Kwa hiyo alikuwa anahangaika nyuma, anajaribu kuitengeneza. Akateleza." Kisha akafunika uso kwa mtandio, na mzee Nizar akatoka nje. Walichosema wenyewe kwa wenyewe baadaye hakinihusu.

Lowbed tuliiambia isubiri. Nilitengeneza chuma kipya cha stainless, kwa vijiti vya stainless, bila rangi. Nikakifunga, nikasukuma sukani kwa kidole, kwa mkono, kwa bega. Zote mbili zilikaa kama mlango uliokomewa. Nilipomaliza nikakusanya zana, mzee akanishika mkono.

"Alama."

"Mzee, niache hii moja isiwe na alama."

"Piga alama yako. Atakayekuja baada yetu ajue wa kumuuliza."

Nikapiga. Nukta ya juu imekaa pembeni kidogo. Fundi yeyote akifungua mfuniko ule ataiona.

Nilikwenda nao baharini. Hakuna aliyenilazimisha. Nilivaa jaketi la tatu, nikashika stelingi, nikatapika mara mbili, mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Boti ilitii kama trekta jipya. Alikuwa ananielekeza kwa kusoma namba za GPS kwenye simu, kushoto kidogo, kulia, kushoto tena, mpaka akasema, "Hapa."

Nikaacha kugeuza. Nikatazama mikono yangu.

Fundo lilikuwa chini kushoto. Mahali pale pale.

Wataalamu mtaniambia, na nakubali, stelingi ya hydraulic haina katikati yake maalum, fundo linaweza kukaa popote, ni bahati tu. Mimi mwenyewe ningemjibu mtu hivyo. Lakini hamkuwa mmesimama pale nilipokuwa nimesimama. Nyuma yangu dada Shamim alikuwa ameshaanza Yasini, na sikuigusa tena stelingi mpaka alipomaliza.

Siku hiyo hiyo tuliporudi alianza eda. Hitima ikasomwa Korogwe, watu wakajaa, na mzee Nizar alinisimamisha niseme mbele ya wale wale waliokuwa wakisema alijirusha. Nilisema. Baadhi ya wateja wangu wamehama gereji, siwalaumu.

Nililojifunza ni hili, na ninawaambia hasa mafundi wenzangu: vijiti vikiisha, mwambie mteja arudi kesho. Akinuna, anune. Mteja aliyenuna bado ni mzima. Rangi ya silva ya dakika mbili mimi imenichukua miaka mitatu kuifuta, na Altaf haikumpa hata mwaka.

Niulizeni ya hosi na silinda, nitajibu nikitoka kazini. Wenye uzoefu na pampu hizi, na mimi nina swali langu moja: ikiwa sukani zikijigeuza haziwezi kuzungusha stelingi, mzee hakupanda, Saitoti hakuingia, ni nani aliyekuwa anaigeuza kila siku kuelekea chini kushoto?

Kama jibu lako ni lile ninalolifikiria, andika taratibu. Mama yangu anasoma humu kupitia simu ya jirani.